Waulize wachezaji kwanza, dunia utaichagua baadaye

Kabla hujafungua kitabu chochote cha mchezo wa kuigiza wala kupakua ramani, mpigie simu kila mtu atakayekaa kwenye meza yako. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp. Kule kila mtu atajibu "poa, chochote tu" na utabaki ulipokuwa. Mpigie mmoja mmoja, umuulize mambo matatu. Je, uchawi na miungu ya kubuni vinakukwaza? Utaweza kuja mara ngapi kwa mwezi, na useme kweli? Na ukipewa saa nne mezani, ungependa zaidi kupigana, kubishana, kuiba au kupeleleza? Yaandike majibu. Ndiyo yatakayokuchagulia dunia, si picha nzuri iliyo juu ya jalada.

Kwa aliye mgeni: nazungumzia michezo ya kuigiza ya mezani. Mtu mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na dadu linaamua pale penye hatari. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ndiyo iliyotangulia kuchapishwa, Marekani, mwaka 1974, na tangu hapo zimeandikwa dunia nyingi, yaani mahali pa kubuni pa kuchezea hadithi, kuliko anazoweza kuzicheza mtu mmoja. Kampeni ni hadithi moja inayoendelea wiki kwa wiki, wahusika wale wale, pengine mwaka mzima. Mimi ni mhasibu, na msimulizi wa meza moja hapa Upanga, Dar es Salaam, Jumapili baada ya chakula cha mchana, barazani kwa shangazi. Nina mfamasia, wanafunzi wawili wa chuo, binamu yangu mwenye bajaji, na mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mwalimu. Mifano yangu yote inatoka hapo.

Miungu kwanza

Swali la kwanza wasimulizi wengi hulipita haraka, na ndilo linalovunja meza zetu kuliko yote. Vitabu hivi viliandikwa kwa watu ambao kwao mchawi ni mzee wa ndevu na kofia ndefu. Kwetu mchawi ni jirani anayeshukiwa kumroga mtoto wa mtu. Mfamasia wetu ni mlokole. Alikubali kucheza kwa sharti kwamba mhusika wake hataabudu kitu chochote. Mwalimu, ambaye ni Mwislamu, aliniambia, "Mwanangu, upanga nitapiga, masanamu sitayaomba." Wote wawili wana haki, na kazi yako ni kutafuta dunia wanayoweza kuishi ndani yake bila kubanwa.

Kwa sababu hiyo dunia ninayoipenda kuliko zote kwa kuisoma sijaileta barazani. Inaitwa Glorantha. Greg Stafford alianza kuiandika mwaka 1966, na mwaka 1978 ikapata mchezo wake wa kuigiza, RuneQuest. Huko karibu kila mtu ana mungu wake. Mganga, mkulima, askari, kila mmoja amejiunga na jumuiya ya mungu wake na nguvu zake zinatoka humo. Ukiondoa ibada, hakuna kinachobaki. Lakini kama watu wako wako tayari, waangalie watu wa Sartar, nchi mojawapo ya huko: wanaishi kwa koo, wanaibiana ng'ombe, damu ya mtu inalipwa kwa mifugo, na mtu hajitambulishi kwa jina lake kabla ya ukoo wake. Ng'ombe mmoja ana bei, sarafu ishirini za fedha, na deni la ng'ombe linaweza kukuendeshea miezi ya mchezo. Mwanafunzi wangu mmoja, kwao ni Tarime, nilipomsimulia alisema hiyo siyo dunia ya kubuni, ni kwa babu yake. (Wapo pia mabata wanaotembea kwa miguu miwili na kushika mikuki. Hilo sikumsimulia.)

Kama miungu ni tatizo, una njia mbili nzuri, zote dunia za Dungeons & Dragons. Ya kwanza ni Dark Sun ya mwaka 1991, iliyoandikwa na Troy Denning na Timothy Brown, ambako miungu haipo kabisa. Ya pili ni Eberron ya Keith Baker. Mwaka 2002 kampuni ya Wizards of the Coast, inayochapisha mchezo huo, ilitangaza shindano la kutafuta dunia mpya, yakaja maandiko zaidi ya 11,000, yake ikashinda na kuchapishwa mwaka 2004. Huko dini zipo, mahekalu yapo, lakini miungu haishuki wala haijibu. Watu wanabishana kama ipo, na mtu asiye na dini anaishi bila shida. Uchawi nao ni ufundi. Unawasha taa za barabarani, unasukuma treni, unapeleka ujumbe mji hadi mji, na unalipiwa. Nilipomweleza mfamasia kwamba kuna ukoo uitwao Jorasco ambao biashara yake ni kuponya watu, na kwamba hawakugusi mpaka ulipe, alicheka sana. Siku hiyo hiyo alitaka kuwa mmoja wao. Hadi leo mhusika wake hudai malipo kabla ya kufunga jeraha, hata la rafiki yake.

Jangwa

Dark Sun niiseme kwa kirefu kidogo, maana ni dunia rahisi kuielewa kwa mtu wa Dar na ngumu kuichezesha kwa heshima.

Inaitwa Athas. Jua ni jekundu, chuma ni adimu kuliko dhahabu, watu wanapigana kwa mifupa, mawe na miti, na sarafu zao ni za udongo wa kuchomwa. Uchawi unanyonya uhai wa mimea, hivyo mtu akitamka neno bila kujizuia, nyasi zilizomzunguka zinageuka majivu. Jangwa lote limetokana na hilo. Na watu wanawachukia wachawi. Kwa hiyo lile neno letu zito, mchawi, hapa linakaa vizuri bila kulazimishwa: ni mtu anayekula cha wote.

Njia ya kuiendesha ni kuhesabu maji. Sheria za 1991 zinampa mtu galoni moja kwa siku, karibu lita nne. Dumu moja la lita 20 basi ni watu watano kwa siku moja. Weka dumu tupu katikati ya meza, humo ndani tia vizibo vya soda, kila kizibo maji ya mtu mmoja ya siku moja, na kila jua linapozama mwambie mchezaji mmoja avitoe vya siku hiyo kwa mkono wake. Huhitaji kueleza zaidi. Watu waliowahi kuamka saa tisa usiku kukinga maji ya mgao wanajua uso wa mtu anayetazama dumu likipungua.

Ugumu ni huu: utumwa upo kila mahali katika dunia hiyo, umeandikwa waziwazi. Sisi tunaishi saa mbili kwa gari kutoka Bagamoyo, ilikokomea njia ya misafara, na soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu. Usilete jambo hilo mezani kama pambo. Niliwauliza wote kabla, tukakubaliana mambo mawili: hakuna mhusika wa mchezaji atakayemiliki wala kuuza mtu, na tutaanza mjini Tyr baada ya mfalme Kalak kuuawa na watumwa kutangazwa huru, tukio ambalo lipo katika hadithi zenyewe za dunia hiyo. Ghafla maswali yakawa mengine: nani atachimba chuma sasa? Mkate utatoka wapi? Aliyekuwa msimamizi wa mgodi bado anaishi mtaa wa pili, ukikutana naye utafanya nini? Tulicheza hilo msimu mzima wa mvua, na mapanga hayakutoka sana.

Wanaokuja na wasiokuja

Swali la pili ni la mahudhurio. Binamu yangu akipata mteja wa kwenda Bunju, haji. Dunia ya safari ndefu, ile ya kubeba kitu kutoka kaskazini hadi kusini, inakufa kwa meza kama yetu, maana kila wiki unaeleza kwa nini askari wa mbele hayupo.

Chukua dunia ya mji mmoja. Planescape ya mwaka 1994 ina mji uitwao Sigil, umejikunja kama pete, na kila mlango, kila tao, hata fremu ya dirisha inaweza kuwa njia ya kwenda ulimwengu mwingine ukiwa na ufunguo unaofaa, na ufunguo unaweza kuwa msumari au wimbo. Asiyekuja amepitia mlango usio wake. Akirudi, anasimulia alikokuwa, na usishangae akitunga vizuri kuliko wewe. Au chukua shule. Golarion, dunia ya mchezo wa Pathfinder, ina eneo la Mwangi lililopewa kitabu chake kizima mwaka 2021, na ndani yake mji wa Nantambu wenye chuo cha Magaambya, kilichoanzishwa na mzee Jatembe. Kuna kampeni tayari ya vitabu sita, Strength of Thousands, ambayo wahusika wanaanza kama wanafunzi na kuishia viongozi wa chuo. Mtu asipokuja, ana mtihani. Niliendesha kipande chake kwa wanafunzi wangu wa chuo na walikifurahia, hasa kwa kuwa hapo Mwafrika hakuwekwa msituni akisubiri mgeni. Jina la eneo lenyewe lilimchekesha mgeni wetu mmoja kutoka Nyeri, ambaye alitaka kujua kama anapewa shamba.

Forgotten Realms ya Ed Greenwood, iliyochapishwa 1987, ndiyo utakayoikuta kila mahali. Ni kubwa mno na haina kosa kubwa. Ukiitumia, kaa katika kijiji cha Phandalin usitoke. Ravenloft ni ya wapenda vitisho. Al-Qadim ya 1992, yenye majini, masultani na mabaharia, Mwalimu aliiomba mwenyewe, akaisoma siku mbili, akairudisha akisema imeandikwa na watu walioiona bahari yetu kwenye sinema. Mimi naona ameionea kidogo. Majini yake ni mazuri.

Bei

Usinunue kitu mwanzoni. Sheria za msingi za Dungeons & Dragons, toleo la 5.1 la waraka wake wa kumbukumbu, ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023. Unazipakua na kuzichapa bila kuiba. Sheria za Pathfinder zote ziko bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys, kwa ridhaa ya Paizo, wachapishaji wake wenyewe. RuneQuest ina kijitabu cha kuanzia cha bure chenye hadithi kamili ndani. Peleka kurasa unazozihitaji tu kwenye steshenari, zichapwe nyeusi na nyeupe, pande mbili. Kuhusu dadu la pande 20, ukikosa la kushika, zipo programu za simu, ingawa Mwalimu anasema dadu la kwenye simu halina adabu na ndiyo maana tulimwagizia la kweli.

Kata dunia ienee karatasi moja

Sasa umechagua. Hatua hii ndiyo kazi yenyewe. Chukua karatasi moja ya A4 na uandike upande mmoja tu: mtaa mmoja, magomvi matatu, watu watano, na bei ya kitu kimoja ambacho kila mtu lazima anunue. Kisichoenea hapo hakipo kwa sasa. Mchezaji akiuliza habari za bara la pili, mwambie mhusika wake hajasoma hayo, na kwa kawaida ni kweli.

Nikuonyeshe yangu ya Eberron, kampeni tunayoicheza sasa. Dunia yenyewe ni hivi: mfalme Jarot alikufa mwaka 894 wa kalenda yao, watoto wake watano, kila mmoja na nchi yake, wakagombea kiti, vita vikadumu zaidi ya miaka mia. Mwaka 994 nchi moja kati ya hizo tano, Cyre, iliangamia kwa siku moja, na vitabu kwa makusudi havisemi kwa nini. Kwa hofu ya jambo hilo wakasaini amani mwaka 996. Mchezo unaanza 998. Mji mkubwa kupita yote ni Sharn, minara juu ya minara, watu zaidi ya laki mbili, matajiri mawinguni na maskini chini kusikofika jua. Ni nyingi, siyo? Mimi nilichukua mtaa mmoja tu, High Walls, walikobanana wakimbizi wa Cyre.

Karatasi yangu, na yaliyomo humu nimeyatunga mwenyewe: Ugomvi wa kwanza, wenyeji wa chini wanadai wakimbizi wamewashushia ujira bandarini. Wa pili, mama mmoja aliyekuwa mkuu wa wilaya kule Cyre anaandikisha majina ya watu ili warudi, na wengine wanaona anawauzia ndoto. Wa tatu, askari wa lango anachukua hongo, lakini ndiye pekee anayezuia genge lisiingie usiku. Watu watano ni hao wawili, kinyozi anayejua kila habari, mtoto anayebeba barua, na mganga wa Jorasco mwenye zahanati chafu. Kitu cha kununua ni kibali cha kutoka mtaani. Basi. Mwanafunzi wangu wa pili amekulia Kasulu, jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Habari za vibali na foleni ya mgao hakuhitaji kusomewa. Jumapili ya kwanza yeye ndiye aliyeniuliza kibali kina mhuri wa nani, na nikaona nina ugomvi wa nne bila kuuandika.

Angalia kwamba hakuna joka kwenye karatasi hiyo. Majoka yapo Eberron, bara zima la majoka. Yatasubiri.

Sauti

Majina ya miji yaache kama yalivyo. Watu wakizoea Sharn wanaweza kusoma zaidi wenyewe. Majina ya watu wa mtaani badilisha bila aibu, yawe ya kutamkika, vinginevyo kila mtu atakuwa "yule wa lango".

Kisha tumia Kiswahili chenyewe kukufanyia kazi. Vitabu hivi hutumia kurasa nyingi kueleza tabaka za watu. Wewe una lahaja. Matajiri wa minara ya juu kwangu huongea Kiswahili cha taarifa ya habari, kila sentensi imepigwa pasi. Mabaharia nawapa Kimvita, ambacho Mwalimu hunisahihisha palepale. Genge linaongea lugha ya kijiweni, na hapo namwachia binamu. Mtu akifungua mdomo tu, meza nzima inajua katoka ngazi ipi ya mji.

Salamu pia ni sheria ya mchezo. Eberron kuna askari waliotengenezwa kwa chuma na mbao kwa ajili ya vita, wenye akili na hisia, na mkataba wa amani uliwatambua kuwa watu. Wa kwanza walitengenezwa mwaka 965, kwa hiyo mzee wao kabisa ana miaka 33. Binamu yangu anamwigiza mmoja, jitu la kujaza mlango mzima, umri miaka sita. Kinyozi wa karatasi yangu ana sitini. Nani amwamkie nani? Tulisimamisha mchezo. Mfamasia alisema chuma hakiamkiwi. Mwalimu akaamua: kama mkataba umesema ni mtu, basi ni mtoto, na mtoto huamkia. Tangu siku hiyo lile jitu huinama kwa kila mzee wa High Walls na kusema shikamoo, na wazee wa mtaa, ambao mimi ndiye ninayewasemea, wamempenda kiasi kwamba lango hufunguka kwake bila kibali. Sheria hiyo haipo katika kitabu chochote cha Eberron na sasa ni ya kwetu.

Siku ya kwanza

Usisome historia. Anza na mtu anayedai kitu: mlinda lango ananyosha mkono, kinyozi anasema deni limefika mwisho, mtoto ameleta barua isiyo yako. Wape uamuzi ndani ya dakika kumi, kisha dadu lianguke angalau mara moja kabla ya chai, hata kwa jambo dogo, ili wageni wajue linavyofanya kazi. Pigano moja linatosha. Tumia maharage kwa maadui na vizibo kwa wahusika, na mtu akiuliza umbali, pima kwa kiganja.

Wakishaondoka, kabla hujaosha vikombe, andika majina ambayo wachezaji wenyewe waliyataja bila kukumbushwa. Hao watu wabaki kwenye karatasi. Waliobaki wafute, na kwenye nafasi iliyopatikana andika kile ambacho wachezaji walikibuni wakidhani wewe ulikuwa unakijua tayari.